Raketi ya Mpira wa Vinyoya: Maneno ya Mnunuzi Mwenye Fedha Chache

Makala haya yametokana na kosa la ununuzi. Mwalimu mmoja wa Mvumi, katika wilaya ya Kilosa (si ile Mvumi ya Dodoma yenye hospitali mashuhuri), alikabidhiwa fedha zilizochangwa na wazazi pamoja na walimu wenzake ili awanunulie wanafunzi raketi sita za mpira wa vinyoya. Wengi wa wachezaji wake ni wasichana wa darasa la sita na la saba, ambao vifundo vya mikono yao havijapata nguvu za kutosha. Basi alikwenda mjini, akaingia dukani, akaomba raketi nyepesi kuliko zote zilizokuwapo. Muuzaji akamwonyesha alama ndogo zilizochapwa juu kidogo ya mpini: 2U, 3U, 4U. Mwalimu alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili timamu angalivyofikiri. Namba ndogo ni uzito mdogo. Akachukua 2U, akarudi Mvumi kwa furaha, na baada ya wiki mbili wasichana wakaanza kulalamika kuwa viwiko vinawauma. Kumbe katika utaratibu huo wa alama, namba inapopanda uzito hushuka. Alikuwa amenunua zile nzito kuliko zote, na alipozirudisha aliambiwa kuwa kitu kilichouzwa hakirudishwi.

Tulipozungumza naye juu ya jambo hilo, mwalimu alisema neno moja ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Alisema kwamba lau kama raketi ingalikuwa jembe, asingalidanganyika, kwa kuwa jembe analijua kwa maneno yake mwenyewe. Kwa raketi hakuwa na maneno. Alikuwa na alama za watu wengine tu, na muuzaji naye hakuwa na zaidi ya hizo.

Katika kurasa hizi, kwa hiyo, tutajaribu kufanya mambo mawili kwa pamoja: kueleza jinsi ya kuchagua raketi ya bei nafuu inayomfaa mchezaji, na kupima maneno ya Kiswahili yanayohitajika katika kazi hiyo. Baadhi ya maneno hayo yamekwisha kuenea. Mengine ni mapendekezo yetu wenyewe, na msomaji asiyachukue kuwa yamekwisha kusanifiwa.

Jina la mchezo na la chombo

Mchezo huu ulipata kanuni zake za mwanzo katika karne ya 19 huko India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza waliokuwa Pune. Jina lake la Kiingereza lilitokana na Badminton, makao ya kabaila mmoja katika jimbo la Gloucestershire, Uingereza. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1934, na mwaka 1992 ulitolewa nishani kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Barcelona. Jirani zetu wa Uganda waliwakilishwa na Edwin Ekiring huko Beijing mwaka 2008.

Kiswahili hakikulichukua jina la jumba la kabaila. Kilitazama kitu kinachopigwa, kikauita mchezo mpira wa vinyoya, na kwa kifupi vinyoya. Mtu mkali wa mantiki anaweza kusema kwamba hapo hapana mpira wowote, na atakuwa amesema kweli. Lakini neno mpira katika Kiswahili limekwisha kupanuka kutoka katika utomvu na kitu cha duara hadi kuwa jina la michezo mizima, kama vile mpira wa meza na mpira wa magongo, na hatuoni sababu ya kulirudisha nyuma. Kile kinachopigwa tutakiita kinyoya. Kinyoya halisi kina manyoya 16 ya bata au bata bukini yaliyochomekwa katika kizibo, na uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Kinyoya cha plastiki hakina unyoya hata mmoja, lakini jina limebaki. Hilo nalo halina ubaya. Tunavaa miwani ya plastiki ambayo watu wa zamani walijua kuwa ni ya kioo.

Ama raketi, ni neno la mkopo lililokwisha kupata makazi. Inasemekana kuwa asili yake ya mbali ni neno la Kiarabu lenye maana ya kiganja, ingawa wataalamu hawajaafikiana. Lingalikuwa jambo zuri kama tungaliweza kuthibitisha hivyo, maana raketi kwa hakika ni kiganja kilichorefushwa. Tahadhari yetu ni moja tu: walio wengi hutamka roketi, na siku moja tuliona orodha ya vifaa vya shule iliyoomba “roketi nne”. Mkaguzi wa hesabu alikuwa na haki ya kushangaa.

Sehemu za raketi

Utaratibu unaofahamika wa kutafuta istilahi nchini mwetu ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na hatimaye ndipo kukopa kutoka nje. Kwa raketi hatukulazimika kwenda mbali. Mkulima, fundi seremala na mpiga ngoma wanayo karibu maneno yote.

Sehemu inayoshikwa ni mpini, na mwisho wake wa chini ni kitako, kama kitako cha bunduki. Sehemu nyembamba iliyo kati ya mpini na kichwa tunapendekeza iitwe uti, kwa kuwa ndilo neno la kale la mti wa mkuki. Wengine husema shingo. Lakini shingo ni fupi, na uti wa raketi si mfupi. Sehemu ya juu ni kichwa. Kichwa kina kiunzi, yaani ule mzingo mgumu wa nje, na uso, yaani eneo lililojaa nyuzi. Tumekataa kuuita uso huo wavu, maana uwanjani tayari upo wavu mwingine unaowagawa wachezaji, na kocha atakayesema “umepiga wavu” ataeleweka vibaya.

Kitendo cha kuzitia nyuzi katika kiunzi na kuzikaza ndicho kilichotufurahisha zaidi. Tumesikia watu wakisema kufunga nyuzi, kupiga nyuzi, hata kushona raketi. Lakini Kiswahili kina kitenzi kuwamba. Ngoma huwambwa ngozi; kitanda cha kamba huwambwa kamba zinazopishana juu na chini, na aliyewahi kuitazama kazi hiyo atakubali kwamba raketi si kitu kingine ila kitanda kidogo chenye mpini. Basi raketi huwambwa, na anayefanya kazi hiyo ni mwambaji wa raketi. Tulitaka pia kulifufua neno upote, ambalo ni uzi wa upinde, liwe jina la uzi wa raketi. Hasa kwa kuwa zamani nyuzi za raketi zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Tumeliacha. Vijana wachache mno wanalijua, na neno uzi halijashindwa kazi yake.

Neno uzi lakini linashindwa mahali pengine. Raketi nzuri za siku hizi zimetengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Tukiziita nazo nyuzi, tutasema kwamba kiunzi cha nyuzi kimewambwa nyuzi, na msomaji hatajua zipi ni zipi. Hapa Kilosa inatupa jibu. Wilaya hii ina historia ndefu ya mashamba ya mkonge, na mtu aliyekulia karibu na Kimamba au Rudewa anajua kwamba jani la mkonge likipita katika korona, kinachotoka si nyuzi bali ni singa. Singa ndiyo malighafi. Uzi au kamba ni kitu kilichosokotwa baadaye. Biashara ya mkonge imelitumia neno hilo katika taarifa zake rasmi. Tunapendekeza basi singa za kaboni, na nyuzi zibaki kuwa zile za kupigia kinyoya.

Uzito, na jinsi unavyoelemea

Tuanze na zile alama zilizompotosha mwalimu wetu. Katika utaratibu unaotumiwa na kiwanda cha Yonex, na kufuatwa na viwanda vingine kadhaa, 2U ni raketi ya gramu 90 hadi 94, 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni gramu 80 hadi 84, na 5U ni gramu 75 hadi 79, zote kabla ya kuwambwa. Herufi G iliyo karibu nayo hueleza unene wa mpini, na kwa kiwanda hicho nayo huenda kinyume vilevile: G5 ni mwembamba kuliko G4. Vipo viwanda vyenye mpangilio mwingine. Kwa hiyo tunashauri kwamba mnunuzi asiulize “U ngapi?” bali aulize “gramu ngapi?” Gramu haidanganyi, na kama duka lina mizani ya kupimia viungo, raketi itapimwa mara moja.

Uzito mtupu lakini hautoshi. Chukua nyundo, ishike kwa mpini uipunge. Kisha igeuze, uishike kwa kichwa uupunge mpini. Gramu ni zilezile, lakini mkono utakuambia kuwa ni vyombo viwili. Raketi nayo ina mahali ambapo ukiiweka juu ya kidole kimoja hutulia bila kuanguka mbele wala nyuma. Mahali hapo tunapaita nukta ya mizani. Hupimwa kwa milimita kutoka kwenye kitako. Raketi ambayo nukta yake imepita milimita 295 huhesabiwa kuwa uzito wake uko kichwani. Iliyo chini ya 285 uzito wake uko mpinini. Iliyo kati ya hizo huitwa ya wastani.

Hapo pana mitego miwili ya lugha. Wa kwanza ni kusema kwamba raketi ya wastani hukaa sawa katikati. Sivyo. Raketi nyingi zina urefu wa milimita 675 hivi (kanuni haziruhusu kuzidi 680), na nusu yake ni 337. Nukta ya 290 iko karibu zaidi na mpini. Wastani hapa ni wastani wa raketi zenyewe, wala si wa urefu wa fimbo. Mtego wa pili ni kutafsiri neno kwa neno na kusema raketi yenye kichwa kizito. Kwa Kiswahili mwenye kichwa kizito ni mtu asiyeelewa upesi, na hatudhani muuzaji atapenda kuisifu bidhaa yake hivyo.

Mzee mmoja anayechonga mipini ya majembe hapo Mvumi alipopewa raketi ya mwalimu aliipunga mara mbili, akasema, “Mwalimu, hii yako inaelemea mbele. Mtoto hataiweza, itamvuta.” Hakuhitaji milimita. Basi tunasema raketi ya kuelemea mbele, raketi ya kuelemea nyuma, na raketi sawia.

Faida zake ni hizi. Raketi ya kuelemea mbele humpa nguvu mtu anayepiga kutoka nyuma ya uwanja, juu ya kichwa, akikielekeza kinyoya chini kwa kasi. Pigo hilo wengi huliita smashi. Sisi tungependa pigo la kushindilia, kwa mfano wa mtu anayeshindilia udongo kwa mti. Ukali wake unatokana na kichwa cha raketi kufika kwenye kinyoya kikiwa na mwendo na uzito kwa pamoja. Hasara yake ni kwamba raketi hiyo huchelewa kurudi. Mchezaji wa karibu na wavu katika mchezo wa wawili wawili, ambaye kinyoya humjia kifuani kabla hajapepesa jicho, anahitaji raketi ya kuelemea nyuma, maana ndiyo inayogeuka upesi. Na mtu asiyejua bado atakuwa mchezaji wa namna gani, ambaye ndiye karibu kila mwanafunzi, na anunue raketi sawia ya gramu 80 hadi 84. Hatuoni haja ya kurefusha maneno juu ya hilo.

Unyumbufu wa uti

Uti wa raketi hupinda. Jicho halioni, lakini mkono unapoanza kwenda mbele, kichwa hubaki nyuma kidogo na uti ukajikunja. Halafu hujinyosha, na kule kujinyosha huongeza mwendo wa kichwa. Sifa hiyo ni unyumbufu, neno lililokwisha kuzoeleka katika fizikia. Uti usiopinda kwa urahisi ni uti mgumu. Unaopinda ni uti mnyumbufu, kama henzirani.

Wanunuzi wengi hudhani uti mgumu ni bora kwa sababu ni wa wachezaji mashuhuri na bei yake aghalabu ni kubwa. Huo ni udanganyifu wa bei. Mchezaji mwenye mkono wa kasi hupiga kabla uti mnyumbufu haujamaliza kujinyosha, na kinyoya kikaenda upande. Ndiyo maana yeye hutaka ulio mgumu. Mwenye mkono wa polepole akipewa uti mgumu hataweza kuupinda hata kidogo. Atakuwa anapiga kwa gongo, na nguvu zote zitatoka begani mwake. Kwake yeye uti mnyumbufu ni msaada wa bure. Dukani, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya kichwa kwa mwingine, upinde taratibu. Linganisha raketi mbili au tatu. Tofauti itaonekana bila kusoma chochote.

Mkazo wa nyuzi

Juu ya kiunzi, au kwenye mpini, huandikwa kiasi cha mkazo ambacho raketi inaweza kuvumilia. Neno mkazo wanaisimu wanalitumia kwa silabi, na wengine wangependa mwambo, yaani hali ya kitu kilichowambwa. Tunaliona mwambo kuwa neno zuri kuliko yote, ila kwa kuwa mafundi wamekwisha kuzoea kusema “kaza” na “legeza”, tumefuata mkazo. Kipimo chake mara nyingi ni ratili, neno ambalo wazee wetu walilijua sokoni kabla ya kilo.

Watu huamini kwamba nyuzi zilizokazwa sana hutoa pigo kali. Ukweli ni kinyume, nao unaonekana kwenye kitanda cha kamba: kilicholegea kidogo hukurusha juu, kilichokazwa kama ubao hakikurushi. Nyuzi zenye mkazo mdogo husaidia kukirusha kinyoya. Zenye mkazo mkubwa humpa mpigaji uwezo wa kukielekeza pale anapotaka, lakini zinamtaka awe na nguvu zake mwenyewe, na zinataka kinyoya kigonge kiini cha uso barabara. Kwa anayeanza, ratili 20 hadi 22, yaani kilo 9 hadi 10 hivi, zinatosha kabisa. Kiunzi cha alumini kikikazwa zaidi ya hapo huweza kupinda au kuvunjika, na mwambaji hatalipa.

Mnunuzi wa Mvumi ana shida nyingine: mwambaji mwenye mashine hayuko karibu. Basi raketi iliyowambwa kiwandani itadumu na nyuzi zake za kwanza kwa muda mrefu, na yafaa zitunzwe. Zisiachwe juani wala katika stoo ya bati, kwa sababu joto hulegeza nyuzi za nailoni. Uzi mmoja ukikatika, ukate mara moja na zile nyingine ukianzia katikati, msalaba kwa msalaba, ili mkazo uondoke kote kwa pamoja. Ukiziacha, upande uliobaki utaendelea kuvuta, na kiunzi kitapinda kama yai. Raketi nyingi zilizotupwa hazikufa kwa kupigwa. Zilikufa kwa uzi mmoja.

Bei

Raketi za bei ya chini ziko za namna tatu, na jina la mada ndilo linalotofautisha. Zipo zile za chuma zinazouzwa mbili mbili katika mfuko pamoja na kinyoya cha plastiki. Aghalabu huzidi gramu 100, hazina alama ya uzito wala ya mkazo, na nyuzi zake zimelegea. Zinafaa kwa kuchezea uani siku ya sikukuu. Zipo za kichwa cha alumini na uti wa chuma au wa singa za kaboni. Utazitambua kwa kiungo kinachoonekana pale uti unapokutana na kichwa, mithili ya herufi T. Hizo ni imara, mtoto akigonga ardhi nayo haivunjiki upesi, na shule inayoanza haina sababu ya kuzidharau. Za tatu ni za singa za kaboni mwili mzima, ambazo kichwa na uti vimeungana bila kiungo cha nje. Zile za bei ya chini kabisa katika kundi hili ndizo tunazoziona kuwa bora kwa mchezaji aliyekwisha kuamua kuendelea, kwa sababu uzito hushuka mpaka gramu 80 na kitu na uti huwa na unyumbufu wa kweli. Udhaifu wake ni kwamba zikigongana na raketi nyingine hupata ufa. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha kuuzunguka kiunzi chote: ukucha utausikia ufa ambao jicho haliuoni.

Mtu akiwa na fedha za raketi moja ya gharama au mbili za wastani, anunue mbili. Tofauti ya bei juu ya kiwango fulani hulipia rangi, jina la mchezaji mashuhuri na ugumu wa uti ambao yeye hauhitaji. Fedha zitakazosalia zinunue vinyoya. Katika joto la Kilosa hewa ni nyepesi na kinyoya huruka mbali. Kwa vile vya plastiki, vyenye utepe wa kijani kwenye kizibo ndivyo vya mwendo wa polepole, vya buluu ni vya kati, na vyekundu ni vya kasi, ambavyo vimekusudiwa kwa nchi za baridi. Dukani aliponunua mwalimu wetu vilikuwapo vyekundu tu, na hakuna aliyejua kwa nini vinatoka nje ya uwanja.

Zile raketi sita za 2U hazikupotea. Walimu wa kiume, ambao hucheza jioni na hupenda mno pigo la kushindilia, walizinunua nne kwa bei pungufu kidogo. Mbili zimebaki shuleni kwa wavulana wakubwa. Mwalimu alizizongea utepe mwingine wa mpira juu ya mpini, na uzito huo wa chini umeirudisha nukta ya mizani nyuma kiasi cha vidole viwili vyembamba. Kwa fedha alizorudishiwa alipata raketi tano za alumini zenye uti wa singa za kaboni. Safari hii alimwambia muuzaji: “Nipe sawia, uti mnyumbufu, zisizozidi gramu 90.” Muuzaji alifikiri kidogo, kisha akaanza kuzijaribu moja moja juu ya kidole chake.

Neno moja limetushinda. Ule utepe unaozongwa kwenye mpini ili mkono usiteleze wachezaji huuita kwa jina la Kiingereza, au husema gundi, au raba, na yote hayo yana maana nyingine. Kwenye jembe hakuna kitu kama hicho. Kwenye kisu na upanga kipo, nasi hatukupata jina lake la hakika. Msomaji anayelijua, hasa wa pwani au wa visiwani ambako panga na majambia yalizongwa mipini kwa ngozi na kwa nyuzi za fedha, tunamwomba atuandikie.